Miaka Mitano ya Mama Fukusi

Kuna wanaofuga kuku, kuna wanaofuga mbwa, na kulikuwa na mwanamke mmoja aliyefuga fukusi. Msicheke, ni hao hao mnaowajua, vidudu vyeusi vinavyotoboa mahindi mpaka gunia linabaki unga na maganda. Watu wazima na akili zao wanatafuta dawa ya kuwaua, yeye anawachekecha taratibu, anawahamishia kwenye chupa ya mahindi mapya, anawafunika kwa kitambaa chepesi wasikose hewa, kisha anaandika tarehe na kuibandika. Mwaka wa tisa ulipoingia alikuwa amefikisha kizazi cha themanini na tatu cha ukoo mmoja, ukoo ambao dawa ya ghalani haikuutisha tena, na kazi yake ilikuwa kujua kwa nini. Ndiyo maana pale chuoni, kuanzia mlinzi wa getini hadi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wote walimwita Mama Fukusi.

Nimesema kazi yake, na hapo nimempendelea, maana kazi hasa hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni shahada ya uzamivu, ile ya juu kabisa, aliyoisotea miaka minne na ushee. Watu wengi wanadhani ukishaipata hiyo mambo yamekwisha, unakabidhiwa ofisi na kiti kinachozunguka. Thubutu! Ukishamaliza unatakiwa utafute nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu, miaka miwili au mitatu chini ya mkubwa fulani, uonyeshe kwamba unaweza kusimama mwenyewe. Bila kupita hapo huhesabiki. Na nafasi zenyewe ni chache, na kila tangazo lina sharti lile lile mwishoni: mwombaji asiwe amezidi miaka mitano tangu atunukiwe shahada. Ukizidisha hata wiki moja, unawekwa kando kama maziwa yaliyopitwa na tarehe. Habari hii inapoanza, yeye alikuwa amebakiwa na miezi saba.

Siku nyingine za wiki alifundisha baiolojia kwa vipindi katika vyuo viwili vya ualimu, kimoja asubuhi kingine mchana, akiwachorea watoto wa watu seli ya kitunguu ubaoni huku chaki ikimwingia puani. Alhamisi ilikuwa siku yake. Alhamisi alikwenda maabara ya chuo kikuu kuwahudumia fukusi wake bila kulipwa hata senti. Mkataba ulikuwa umekwisha zamani, ufunguo alirudisha, jina lake likaondolewa mlangoni. Aliyemfungulia ni fundi wa maabara, mwanaume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ambaye kila Alhamisi alijifanya hajui kwamba mgeni haruhusiwi. Humo ndani Mama Fukusi alivaa koti jeupe, akavuta harufu ya mahindi yenye joto inayotoka kabatini, na kwa saa nne alikuwa mtu aliyekamilika. Saa sita alivua koti, na hapo ndipo palipouma. Alitamani kukaa. Hakutamani gari wala jumba, alitamani meza moja kando ya dirisha, hadubini yake, na ruhusa ya kurudi kesho bila kumwomba mtu.

Nyumbani aliishi na mama yake, aliyeshona sare za shule sebuleni kwa cherehani ya miguu. Majirani wakimuuliza binti yako yuko wapi siku hizi, mama alijibu kwamba anasubiri kupangiwa, kisha akakanyaga cherehani kwa kasi ili swali la pili lisisikike. Maombi yalikuwa yamekwenda kila pembe, majibu yalikuwa yanarudi na shukrani nyingi kwa kuonyesha nia. Mama alizichukia zile shukrani. Alisema mtu akikunyima kitu akunyime tu, asikushukuru.

Sasa nije kwa Profesa, maana bila yeye hakuna habari. Alikuwa msimamizi wake, amestaafu mwaka wa pili huo, mrefu, mkavu, macho yameanza kuingia ukungu. Mzee huyu hakuwa wa kufoka, ukali wake wote ulikuwa kwenye kalamu nyekundu. Ukimwandikia kwamba fukusi hawa wanavumilia dawa sana, anakata “sana” na pembeni anauliza: kiasi gani? Ukiandika kwamba matokeo yanavutia, anataka kujua yamemvutia nani. Tasnifu ya Mama Fukusi iliingia kwake na kurasa mia tatu na ishirini, ikatoka na mia moja na tisini. Siku ya kuitetea, jopo lilipompitisha na watu wakapiga makofi, alimtazama Profesa akitumaini neno. Profesa akamsogelea, akamshika mkono, akamwambia kwamba jedwali la ukurasa wa mia moja na kumi na mbili lina kosa kwenye safu ya tatu. Akaenda kuangalia, akalikuta.

Niseme ukweli, yule mwanamke alikuwa na kiu ya ile nafasi, lakini ndani ya kiu hiyo kulikuwa na nyingine aliyoionea haya. Miaka tisa alikuwa hajui Profesa anamwonaje. Alijisuta mwenyewe, mtu wa miaka thelathini na tisa anayesubiri kusifiwa kama mtoto wa darasa la pili, na bado kila alipopanda ngazi za maabara alijikuta akiwaza kwamba labda leo mzee atapita, labda leo atasema kitu.

Basi tangazo likatoka. Chuo hicho hicho, maabara ile ile, nafasi moja ya miaka miwili, utafiti wa wadudu wa ghalani. Fundi alilibandua ubaoni kabla wengine hawajalisoma, akamwekea juu ya chupa zake, akamwambia kwamba hii wameiandika wakimtazama yeye. Mama Fukusi alisoma mara tatu, kisha akaketi. Walitaka barua tatu za mapendekezo. Mbili alizipata kirahisi. Ya tatu, ile nzito, ilipaswa kutoka kwa msimamizi.

Hapa inabidi niwaeleze jambo ambalo chuoni pale kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Profesa hakuwa anaandika barua za mapendekezo. Ukimwendea atakuambia: andika mwenyewe, mimi nitatia saini. Ndivyo alivyofanyiwa na wakubwa wake, ndivyo alivyowafanyia wadogo zake, na wanafunzi hawakulalamika hata kidogo. Walijimwagia sifa mpaka karatasi inalowa. Mmoja alijiita hazina ya bara zima. Mwingine aliandika kwamba Profesa hajawahi kuona akili ya aina yake tangu azaliwe, na mzee akatia saini, akauliza tu kama tarehe imewekwa.

Fundi alimsihi ajisifu vizuri. “Dada, hapa si mahali pa aibu. Jivike kilemba mwenyewe, maana hakuna wa kukuvika.” Mama Fukusi akaahidi. Jumamosi alikaa kwenye meza ya mama yake, katikati ya mikono ya mashati iliyobanwa kwa pini, akaanza kuandika barua ambayo Profesa angeiandika kama angekuwa anaandika barua. Na hapo ndipo alipopotea. Wenzake waliandika walichotaka kusikia. Yeye, kwa sababu alimheshimu mzee, aliandika kwa sauti ya mzee.

Aliandika: mwombaji nimemfahamu miaka tisa. Kwa kadiri ya ushahidi uliopo, anaelekea kuwa makini. Hujifunza upesi, ingawa hapakuwa na mtu wa kumlinganisha naye katika mazingira yale yale, hivyo hitimisho hili lichukuliwe kwa tahadhari. Kisha, kwa kuwa hakuna kazi ya kisayansi isiyo na mapungufu, akaongeza aya ya mapungufu. Katika mwaka wa pili mwombaji aliacha mlango wa kabati la joto wazi, na chupa arobaini zikaharibika. Hakusahau kutaja kwamba lile jedwali lilikuwa na kosa.

Alipomaliza alimsomea mama yake. Mama aliacha kukanyaga cherehani, akamsikiliza mpaka mwisho, pini mbili zikiwa mdomoni. Akazitoa pini.

“Huyu unayemwandika ana kesi?”

Mama Fukusi akacheka, akaeleza kwamba Profesa ndivyo alivyo, akikuta neno la kujisifu atalikata, na barua iliyokatwa ni aibu kubwa kuliko barua nyenyekevu. Hayo ndiyo aliyomwambia mama. Ambalo hakumwambia ni kwamba alitamani mzee aisome ile aya ya mapungufu, akunje uso, achukue kalamu, aseme hapana, huyu si hivi, na aandike pembeni kwa mkono wake mwenyewe. Hata maneno matatu yangemtosha.

Profesa hakusoma. Macho yalikuwa hayamruhusu tena herufi ndogo, na hata yangemruhusu hakuwa na desturi hiyo. Alimkaribisha sebuleni, akauliza fukusi wanaendeleaje, akafurahi kusikia kizazi cha themanini na tatu kimetoka salama, akaelekezwa mahali pa saini, akatia. Mama Fukusi akaifunga bahasha njiani huku akijipa moyo.

Siku ya usaili waliketi watano upande wa pili wa meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Wawili kati yao walikuwa wanafunzi wa zamani wa Profesa. Kwa nusu saa nzima mambo yalikwenda barabara. Aliulizwa kuhusu ukoo wake wa fukusi, akajibu kama mtu anayesimulia habari za wanawe, na mama mmoja wa jopo aliweka kalamu chini kabisa akabaki kusikiliza. Kisha mwenyekiti akafungua faili, akatoa ile barua, akaisoma kwa sauti yote, pamoja na chupa arobaini. Chumba kikapoa.

“Profesa wako amekulea miaka tisa,” mwenyekiti alisema, “na anachoweza kusema ni kwamba unaelekea kuwa makini. Unakubaliana naye?”

Jamani, hebu fikirieni. Kusema “barua hii niliandika mimi” ni kumwanika mzee wa watu kwamba saini yake ni ya kuombwa tu, na kuziangusha barua zote alizowahi kutoa. Kusema “mzee amekosea” ni kumkana, tena kwa maneno ambayo mzee hakuyasema. Aliwatazama wale wanafunzi wawili wa zamani. Mmoja alikuwa anachunguza kizibo cha chupa yake kwa makini ya ajabu, mwingine alikuwa ameona kitu cha maana sana nje ya dirisha. Yule mama wa jopo alijaribu kumtupia kamba, akauliza kama labda yeye na Profesa wamewahi kukosana. Mama Fukusi akamgeukia.

“Hatujakosana,” alisema. “Nakubaliana naye.”

Nafasi akapewa kijana mmoja ambaye barua yake ilimwita nyota. Nasikia ni kijana mzuri, sina ugomvi naye. Lakini Alhamisi iliyofuata Mama Fukusi alikuta meza ya kando ya dirisha ina kompyuta ya mtu, na koti la mtu limening'inia kwenye msumari wake. Aliwachekecha fukusi akiwa amesimama kwenye kona. Fundi alimuuliza kulikoni, akamwambia haijakuwa, akaendelea kuchekecha, kisha akashindwa. Akalia pale pale juu ya mahindi, akamweleza yote, barua na maswali na lile jibu lake. Alisema kosa si la mtu yeyote ila lake, na kwamba amebakiwa na wiki tano, na wiki tano si kitu.

Fundi alivua glovu, akafunga maabara mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Profesa. Alichomwambia mzee sijui, ila huyo Fundi ninavyomjua hana simile akishapandwa na hasira. Jumamosi Profesa akatuma ujumbe: waje wote wawili, na barua waje nayo.

Mke wa Profesa aliwafungulia, mama mnene mchangamfu, akawaonyesha chumba cha kusomea. Mzee alikuwa amekaa mbele ya kompyuta asiyoiona sawasawa. Aliomba asomewe nakala ya barua aliyotia saini. Mama Fukusi akasoma. Alisoma polepole, na kila sentensi ikimtoka aliona jinsi ilivyo ndogo. Alipofika kwenye kabati la joto sauti ikamfifia, Profesa akamwambia aendelee. Akamaliza. Mzee akagonga meza kwa kidole.

“Kila sentensi ina ushahidi,” alisema, “na yote ni uongo.”

Akauliza kama kuna mahali pengine. Mama Fukusi akasita, kisha akakiri kwamba pako, ila hakukusudia kuomba. Ni mbali, kwa ndege, nchi ya watu. Kuna kituo cha utafiti kinachofuga koo za wadudu wa ghala kutoka pande zote za dunia, na kinatafuta mtu mmoja wa miaka mitatu. Mlango unafungwa baada ya siku tisa. Miaka yake mitano ilikuwa inatimia siku ishirini na mbili baada ya hapo, kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho, nyingine hakuna. Profesa akasema vizuri, tunaandika sasa hivi. Mimi natamka, wewe unaandika, maana mimi sioni.

Mnaona jinsi moyo ulivyomruka? Miaka tisa ya kusubiri, na sasa mzee atasema, na yeye atakuwa hapo hapo, na kila neno litapita kwenye vidole vyake. Alivuta kiti, akafungua ukurasa wa kile kituo. Barua za huko hazikutumwa na mwombaji, zilipaswa kuandikwa na mdhamini mwenyewe moja kwa moja kwenye tovuti yao. Akamsomea Profesa maelekezo, moja baada ya jingine. Jina la mdhamini. Cheo. Amemfahamu mwombaji kwa muda gani. Chini kabisa palikuwa na kisanduku kidogo cha kuweka alama, na kando yake maneno. Aliyasoma kimoyomoyo, mkono ukabaki hewani.

Angeweza kuyaruka. Mzee asingeona, Fundi alikuwa dirishani anafuta miwani yake, na huko ng'ambo nani angejua? Wangapi wanaweka alama bila hata kusoma? Nakwambieni mimi ningeyaruka, tena bila kupepesa macho. Yeye hakuweza. Alikuwa amelelewa vibaya, na aliyemlea alikuwa amekaa hapo.

“Wameandika hivi,” alisema. “Nathibitisha kwamba mwombaji hajaiona barua hii wala hajui yaliyomo.”

Profesa aligeuza uso kumwelekea. Fundi akasema bwana, hayo ni mambo ya fomu tu. Profesa akasema si mambo ya fomu tu, barua moja ya uongo inatosha. Kisha, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, akamwambia Mama Fukusi atoke nje.

Akatoka. Alipita sebuleni, akakaa barazani kwenye ngazi, na huzuni iliyompata hapo hata ya siku ya usaili haikuifikia. Mke wa Profesa alikuwa na sinia la maharage mapajani, anachambua. Alimtazama mara moja, akamsogezea sinia, wakachambua pamoja. Kutoka dirishani walisikia sauti ya mzee ikinung'unika na Fundi akigonga herufi kwa vidole viwili, tak, tak, kimya, tak. Maneno hayakusikika. Mama Fukusi alijikuta anashikilia pumzi, halafu anajiona mjinga, anaachia.

Yule mama akaanza mazungumzo yake mwenyewe, kama wafanyavyo watu wazima wakiona mtu ameumia. Alisema wameishi na mzee miaka arobaini na moja, na hata siku moja hajawahi kumwambia chakula ni kitamu. Mwanzoni alikuwa analia jikoni. Baadaye akaanza kutazama sahani. Sahani ilikuwa inarudi tupu kila siku, miaka arobaini na moja. Mama Fukusi alitabasamu kwa adabu, ila moyoni aliwaza kwamba yeye hana hata sahani ya kutazama.

Saa nzima ikapita. Maharage yakaisha, yule mama akaenda kuleta mengine ambayo hayakuwa na haja ya kuchambuliwa. Sauti ya mzee ilikuwa inaendelea, haina haraka, mara inashuka, mara inasimama, inaanza tena. Yapata saa na nusu sasa. Kisha Fundi akasikika, safari hii kwa uwazi, maana alikuwa amesimama karibu na dirisha.

“Profesa, kompyuta inakataa. Wanataka maneno mia tano, sisi tuna elfu moja na mia mbili. Inabidi tupunguze.”

“Sipunguzi,” alisema Profesa.

“Hata haya ya mwanzo?”

“Sipunguzi hata neno. Waandikie waniambie niyatume kwa njia gani.”

Mama Fukusi aliinama juu ya sinia. Mzee aliyekata kurasa mia moja na thelathini za tasnifu yake bila huruma, aliyekata kila “sana” na kila “mno”, alikuwa ndani humo anagombana na mashine kwa ajili ya maneno mia saba. Maneno gani? Angetoa chochote ayajue. Machozi yakamdondoka kwenye maharage, na mke wa Profesa akaendelea kuchambua yake bila kuuliza.

Fundi alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasingizia kompyuta. Njiani Mama Fukusi alijikaza mpaka kwenye kona ya barabara, kisha akashindwa, akamuuliza mzee kasema nini.

“Dada, nimebonyeza kwamba hujui yaliyomo,” alisema Fundi. “Sasa unataka nifanyeje?”

Wale wa ng'ambo walikubali barua ndefu. Wiki zikapita, miaka mitano ikatimia siku ya Jumanne akiwa darasani, katikati ya seli ya kitunguu, na hakuna kilichotokea, kengele ililia tu kama kawaida. Wiki mbili baadaye wakamfanyia usaili kwa kompyuta. Hawakumuuliza chochote kuhusu kabati la joto. Waliuliza habari za fukusi wake, na walikuwa wanazungumza naye kwa heshima fulani iliyomchanganya, kama watu waliokwisha kuambiwa habari zake na mtu wanayemwamini. Baada ya siku kumi likaja jibu. Mama yake alisoma mstari wa kwanza akitafuta zile shukrani, hakuziona, akaketi chini kwenye vitambaa vya sare akalia kwa sauti kubwa. Halafu akafuta uso, akaanza kumshonea koti zito, akawa anashona huku anasema huko ni baridi, huko ni mbali, na kwamba alipokuwa anaomba apate hakuwa amefikiria kwamba kupata maana yake ni kuondoka.

Nusu ya chupa za kizazi cha themanini na nane alimwachia Fundi, nusu zilisafiri na barua za ruhusa zenye mihuri minne. Siku moja kabla ya safari alikwenda kumuaga Profesa. Mzee alikuwa barazani, amevaa miwani nyeusi, macho yamefanyiwa upasuaji wa kwanza. Walizungumza habari za unyevu wa mahindi, na jinsi ya kuwazoesha fukusi mahali papya. Profesa alimwonya asiamini vipimo vya watu kabla ya kuvihakikisha mwenyewe. Kikombe cha chai kikaisha. Mama Fukusi akasimama, akampa mkono, na mkono wake ukakataa kuachia.

“Profesa, naomba kuuliza kitu. Ile barua. Ulisema nini?”

Mzee hakujifanya kwamba hajaelewa. Alikaa na mkono wa mwanafunzi wake mkononi mwake, uso ameuelekeza barabarani.

“Niliwaambia wao kwa sababu wana pa kukuweka,” alisema. “Ningekuambia wewe, usingeondoka.”

Mama Fukusi alitaka kubisha, akatafuta la kubishia, hakuliona. Miaka yote ile ya Alhamisi, miaka yote ya kupanda zile ngazi, alikuwa amebaki kwa kusubiri hilo, na angelipata angesubiri la pili. Alisimama pale akiwa na miaka mitatu mbele yake, meza, dirisha, kila alichokitamani, na alichokitamani kuliko vyote ni kuketi tena kwenye kile kiti cha barazani. Profesa akamwachia mkono. Akauliza ndege inaondoka saa ngapi.

“Saa nne asubuhi,” alijibu Mama Fukusi, akashuka ngazi.